Vitu vya stoo visivyotumika: kuuza, kugawa, kukodisha, kupeleka chakavu au kubaki navyo?

NyumbaSafi (mleta mada)

Habari zenu wadau. Naomba tulinganishe njia za kupunguza vitu vya ndani vilivyowekwa tu na havitumiki. Mada kama hizi mara nyingi huishia "uza vyote" au "gawa vyote", nami naona kila kitu kina njia yake. Stoo ni ya futi 8 kwa 6, iko Tabata, na sasa mlango unafunguka nusu. Vilivyomo:

- sufuria mbili za kilo 10 za mchele na moja la kilo 20, masinia 6, sahani za udongo dazeni 5
- jamvi 1, mikeka 4
- TV ya chogo inchi 21 na deki yake
- friji dogo, linawaka lakini haligandishi
- jenereta la petroli la kVA 2.5, halijawashwa zaidi ya mwaka
- betri ya gari N70, imekufa
- simu 5 za zamani, moja betri imevimba
- godoro la wageni futi 4 kwa 6
- nguo za mtoto mchanga, mfuko mmoja mkubwa
- vitabu vya shule, maboksi 2
- mitungi ya gesi mitupu, mmoja wa kilo 6 na mmoja wa kilo 15
- kasha la zamani la mbao lenye misumari ya shaba, la marehemu bibi

Ninachotaka kwanza ni nafasi, fedha ije baadaye. Kipi kiende wapi?

BiShughuli

Anza na vyombo vya shughuli. Ndivyo vinavyokula nafasi, na ndivyo watu wanavyokosea zaidi.

Kipimo cha "hakijaguswa mwaka mzima, kiondoke" hakifai kwa nyumba zetu. Sufuria laweza kukaa miaka miwili juu ya kabati, kisha likatakiwa saa tano ya usiku. Jiulize hivi: siku kitu hiki kitakapohitajika, nitakuwa nimepata taarifa ya muda gani?

Harusi ina taarifa. Kuna kamati, vikao, kadi za michango, miezi mitatu na zaidi. Katika muda huo sahani, viti na turubai vinakodiwa bila haraka. Msiba hauna taarifa. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri watu wameshajaa barazani, wanataka pa kukaa, maji na chai. Kwa hiyo vya msiba vibaki, vya harusi viondoke.

Kwa orodha yako, jamvi na mikeka yote 4 ibaki. Sufuria moja la kilo 10 libaki. Kwa pilau la watu wengi, kilo moja ya mchele hukisiwa watu 7 hadi 8, hivyo sufuria hilo linalisha kati ya 70 na 80, na hao wanatosha siku ya kwanza kabla majirani hawajaleta vyao. Masinia 3 yabaki. Sahani za udongo dazeni 5 ziondoke: ni nzito, zinavunjika, na shughuli nyingi sasa zinatumia za melamini.

Sufuria la kilo 20 na la pili la kilo 10 nisingeyauza. Kuna njia hujaitaja: kikundi. Vikundi vingi vya akina mama mtaani vina vyombo vya pamoja. Ukivikabidhi, hakikisha daftari linaandikwa mambo manne: chombo na ukubwa wake, idadi ya mifuniko, jina la mtunzaji, na haki yako ya kuazima bila kulipa. Weka alama kwa kugonga herufi ukingoni kwa msumari na nyundo. Rangi ya mafuta usiitumie, inaungua mara ya kwanza tu jikoni.

Kukodisha mwenyewe kunalipa ukiwa na seti kamili. Mkodishaji wa sufuria moja hafuatwi, kwa sababu mwenye shughuli anataka viti, turubai, sufuria na sahani vitoke mahali pamoja na gari moja.

NyumbaSafi

Bi, ahsante. Kwenye kuazima au kukodi, kinachoharibika ni nini hasa?

BiShughuli

Sufuria zenyewe hurudi. Mifuniko na miko ndiyo hupotea, maana hubebwa na chakula kilichobaki. Hesabu mifuniko peke yake, usihesabu "sufuria na mfuniko" kama kitu kimoja. La pili ni sufuria kurudi na masizi yaliyoganda. Mwenye kuazima apake matope mepesi au sabuni ya kipande nje ya sufuria kabla halijapanda mafigani, kisha masizi yanatoka kwa maji na stilwaya. La tatu ni sahani kubadilishwa. Hapo alama tu ndiyo dawa. Chukua amana, na vyombo virudishwe mbele ya daftari, vikiwa vimekauka. Vikipangwa vibichi vinatoa harufu na madoa.

Mzani

Niongelee chakavu. Iwe njia ya mwisho, na isiwe ya kupiga simu kisha kumwachia mnunuzi stoo achague.

Tenganisha mwenyewe kabla guta halijafika. Tumia sumaku, hata ya spika mbovu. Inachokamata ni chuma. Isichokamata, chepesi na cheupe, ni alminiamu. Chekundu ni kopa, cha njano ni brasi. Kwa kilo moja, kopa iko juu kabisa, inafuata brasi, kisha alminiamu, na chuma mwisho kwa mbali. Ukitoa mchanganyiko gunia moja, lote litapimwa kwa bei ya chuma. Sufuria la alminiamu lenye vishikio vya chuma vilivyopigwa ribiti litakatwa bei kwa sababu hiyo, basi vitoe kwa tindo.

Mzani wa kuning'iniza unachezewa. Uwe na kitu chenye uzito unaoujua. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20 pamoja na uzito wa dumu lenyewe, ambalo ni kama kilo moja. Lining'inize kwanza, tena mbele yake. Ukisoma 17, mmalizane hapohapo.

Nyaya na chaja mbovu msizichome ili kupata kopa. Moshi wa ule mpira ni sumu kwa wanaouvuta, na kopa iliyoungua hushushwa daraja. Chuna kwa kisu cha kukunja, au uza zikiwa na mpira wake.

Betri N70 ni suala zito kuliko yote kwenye orodha yako. Ndani kuna risasi na asidi. Usiifungue, usiimwage, usiilaze ubavu. Ibebe wima ndani ya beseni la plastiki. Asidi ikimwagika sakafuni, nyunyiza magadi yaliyosagwa mpaka iache kutoa povu, kisha ndipo umwage maji mengi. Pa kuipeleka ni duka la betri linalopokea ya zamani na kukupunguzia bei ya mpya. Usimpe mtu anayeyeyusha risasi uani kwake. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hizo hazirudishi afya ya mtoto.

Fundi_Kompresa

Friji, jenereta na TV niachieni.

Friji linalowaka bila kugandisha usilipime kwa kilo kabla ya kujua ugonjwa. Sikiliza kwanza. Kompresa ikinguruma mfululizo na nyuma hakupati joto, gesi imevuja au valvu za kompresa zimekwisha. Ikilia "tk" kisha ikanyamaza, baada ya dakika chache tena "tk", ni rilei au ovalodi, na hiyo ni spea ya bei ndogo. Ikiwa si hiyo basi kompresa imekwama. Ubaridi ukiwepo lakini hafifu, bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka.

Halafu soma bamba la nyuma. Ukikuta R12, achana na matengenezo. Gesi hiyo iliondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi zetu zilifika mwisho wake mwaka 2010. R134a bado inajazwa na mafundi wengi. R600a nayo hujazwa, ila inashika moto. Friji la nyumbani hubeba chini ya gramu 150, kiasi kinachotosha kumuunguza fundi anayechomelea bomba kabla ya kuitoa.

Sasa ulinganisho. Ugonjwa ukiwa rilei, thamostati au mpira, tengeneza kisha uza. Hapo gharama inarudi. Gesi ikivuja kwenye bomba lililofukiwa ndani ya ukuta wa friji, usitengeneze. Mwuzie fundi kama spea, ambaye atataka kompresa iliyo hai, rafu, thamostati na mpira. Kompresa peke yake huwa kilo 7 hadi 10, ila usidhani ndani ni kopa tupu: nyingi za siku hizi zimesukwa kwa waya wa alminiamu. Ukishindwa kote, peleka chakavu, na mlango utolewe siku hiyohiyo. Mtoto akijifungia ndani ya friji lenye mpira mzima hapati hewa.

Watu wengine hulifanya kabati la nafaka. Inafaa, panya hawaingii, lakini nafaka iwe imekauka sawasawa, kwa sababu unyevu hauna pa kutokea na ukungu utaanzia chini.

Jenereta. Petroli iliyokaa zaidi ya mwaka imeshaharibika. Usivute kamba kwa majaribio, utasukuma uchafu ndani ya kabureta. Fuata hivi:

1. Mwaga tangi lote, fungua na bakuli la chini la kabureta. Ukiona utando wa kahawia unaonata kama gundi, toa jeti na uisafishe kwa dawa ya kabureta na waya mwembamba wa kopa. Sindano hukwangua tundu.
2. Badilisha oili ikiwa injini bado baridi, kisha safisha plagi.
3. Tia petroli mpya lita moja tu, washa nje ya nyumba.
4. Pima umeme kabla ya kuunganisha kitu chochote. Unatakiwa uwe kati ya volti 220 na 240. Ukikuta sifuri na injini inaunguruma vizuri, jenereta limepoteza usumaku au AVR, yaani kidhibiti cha volti, imekufa.

Likishawaka, uza. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, sababu ya kulitunza jenereta nyumbani Dar imepungua. Usipouza, limwage petroli yote na uliache likauke. Ukilirudisha stoo na petroli, mwakani kazi ni ileile.

TV ya chogo, ikiwa nzima, gawa pamoja na deki. Hakuna bei ya kungojea. Mitambo ya analojia Dar ilizimwa Desemba 31, 2012, hivyo inahitaji king'amuzi, na king'amuzi chenyewe kiwe na matundu ya njano, nyekundu na nyeupe; baadhi ya vipya vina HDMI tu. Mwambie hivyo anayeipokea asije akahangaika. Ikiwa mbovu usiivunje. Kioo chake kina risasi, na bomba la picha linaweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Mpe mkusanyaji wa taka za elektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira.

Meko_Nairobi

Huku Nairobi taka za elektroniki tunapeleka WEEE Centre, wanapokea TV, kompyuta na simu. Kuhusu skrapu, mnunuzi lazima awe na leseni. Biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya stima na reli, ikafunguliwa Mei na masharti makali. Ukiuza, omba risiti, itakusaidia ukiulizwa.

Vitabu: kama mtu ana vya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, asivishikilie. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Vya sekondari ya 8-4-4 bado vina wateja hadi KCSE, mtihani wa Form Four, ya mwisho 2027, lakini kila mwaka kidato kimoja kinafungwa nyuma, kwa hivyo anza kuuza vya vidato vya chini kabla ya vya Form Four.

Kalamu_ya_Mjumbe

Meko, hapa kwetu pia. Mitaala mipya ya Tanzania ilianza kutumika Januari 2024, na inapanda hatua kwa hatua. Kwa hiyo maboksi yale ayachambue mafungu matatu. Kamusi, atlasi, hadithi na riwaya hazifi kwa mtaala kubadilika: peleka maktaba ya shule. Vya kiada vya mtaala wa zamani ambavyo darasa lake bado halijahamia, toa mwaka huuhuu. Vilivyobaki ni karatasi, viuzwe kwa kilo. Usiwapelekee shule boksi la vitabu vilivyokwisha ukaita sadaka. Mwalimu atalazimika kuvitupa yeye.

Lakini NyumbaSafi, umeandika kasha ni la marehemu bibi. Mirathi ilishafungwa?

NyumbaSafi

Msimamizi aliteuliwa Mahakama ya Mwanzo. Sijui kama kasha liliorodheshwa.

Kalamu_ya_Mjumbe

Basi kasha lisitoke nje ya mlango. Msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au muda zaidi akiruhusiwa na mahakama, kisha hesabu ya mgao kwa fomu namba 6. Mwombe akuonyeshe nakala. Likiwemo, angalia lilikwenda kwa nani. Lisipokuwemo, wakae warithi wakubaliane kwa maandishi. Ugomvi wa kifamilia mara nyingi huanzia kwenye vitu kama hivi, wala si kiwanja.

Kuhusu friji na jenereta, andika hati fupi ya mauziano: jina la kitu, namba ya bambani, bei, tarehe, majina na sahihi zenu, shahidi mmoja. Mnunuzi akisimamishwa njiani na jenereta juu ya kirikuu usiku, karatasi hiyo inamsaidia yeye na wewe.

PwaniKale

Kasha lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa maua huitwa kasha la njumu. Wauzaji wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hutaja aina tatu: la Surat, la Bombay na la Shirazi. Kabla ya lolote, fungua na utazame ubavuni kwa ndani. Mengi yana kisanduku kidogo chenye kifuniko, na mengine droo za siri chini yake. Chungulia, watu wameacha humo hati na vidani.

Kinachoua thamani ni kusafisha. Usikwangue shaba kwa stilwaya, usipake vanishi, usibadilishe bawaba. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Ukiona vitundu vyenye unga mpya mweupe pembeni, wadudu wako hai. Litenge na mbao nyingine na umwite fundi wa samani za kale. Liinue juu ya vigingi, sentimita 10 zinatosha kuliepusha na mchwa na maji ya kupigia deki. Mnunuzi wa vitu vya kale asipewe bei kabla hujasikia ya mwingine, na asiachiwe "akalipime" dukani kwake.

Ushauri wangu hasa ni kulibakisha kwa kulipa kazi. Lihamie sebuleni, ndani yake mikunje mashuka ya wageni na jamvi. Limetengenezwa kwa ajili hiyo.

MkaguziNguo

Godoro kabla ya kugawa: vua foronya lake, chunguza mishono ya pembe nne kwa tochi. Madoa meusi madogo kama nukta za wino na maganda ya rangi ya chai ni kunguni. Ukiyaona, usigawe wala usiuze. Kuanika juani mchana mmoja hakutoshi, wanarudi ndani ya sponji, na wanaweza kukaa miezi bila kunywa damu. Foronya na mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 yakikaa nusu saa. Godoro lenyewe lichanwe kabla ya kutolewa, asije mtu akaliokota.

Likiwa safi, bonyeza katikati kwa goti. Likiacha shimo kwa zaidi ya dakika, sponji limekufa. Muite fundi makochi, atalikatia mito. Likirudi juu haraka, linauzika au linagawika.

Nguo za mtoto mchanga nina jambo la kusisitiza. Kama mfuko una vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, yaani nafthalini, usimpe mtu mwenye kichanga ukiwa hivyo. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali inayopatikana sana katika maeneo ya malaria kama kwetu, na mvuke wa nafthalini unaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Mtoto hupata manjano na kuishiwa damu. Toa vidonge, fua nguo mara mbili, anika juani na upepo siku mbili au tatu mpaka harufu iishe kabisa. Harufu ikibaki, usigawe.

Badala ya vidonge: nguo zikauke kweli, zikunjwe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na zifunguliwe zipate upepo kila baada ya miezi mitatu. Hewa ya Dar ni ya unyevu, na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa fundo huleta ukungu hata bila nondo.

SokoTandika

Naona wote mmesema "uza" bila kusema wapi. Kuna milango mitatu na kila mmoja una kasoro yake.

Mtandaoni, yaani Facebook Marketplace, stetasi za WhatsApp na makundi ya mtaa, ndipo bei inapokuwa nzuri, lakini unalipa kwa muda. Piga picha tano mchana karibu na dirisha: mbele, nyuma, bamba la namba, kikiwa kinawaka, na kasoro kubwa kuliko zote. Andika vipimo kwa futi au lita, mtaa ulipo, na bei. Tangazo lisilo na bei huletewa maswali mia na mteja hakuna. Ujumbe wa malipo usiuamini kwa kuusoma. Fungua menyu ya mtandao wako uone salio kabla kitu hakijapanda bajaji. Jumbe za uongo zinafanana kabisa na za kweli.

Dalali ana kasi. Tatizo ni cha juu, yaani anachoongeza juu ya bei yako. Mwambie bei yako ya mkononi, na mkubaliane mapema kama cha juu ni chake chote au mnagawana. Asiyekubaliana mwanzo humlaumu dalali kwa kosa lake mwenyewe. Kitu kikae kwako hadi mteja afike.

Mnada na wanunuzi wa mtaani ndio wa haraka kuliko wote na wa bei ya chini kuliko wote. Sahani dazeni 5 zinafaa huko, kwa sababu mtandaoni kila mtu anataka sita.

Na kuna majira. Vyombo vya jikoni vinatafutwa Shaabani kabla ya Ramadhani, na tena Desemba. Vitabu na mabegi Januari. Jenereta hupanda bei siku umeme unapokatika wiki nzima, ila ukisubiri siku hiyo utakuwa umelitunza stoo miaka. Umesema nafasi kwanza. Mimi ningeuza sasa.

Fundi_Kompresa

Naongeza ya simu, naona zimesahaulika. Iliyovimba betri usiichaji, usiitoboe, usiitupe jalalani wala motoni. Iweke ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, hadi siku ya kuipeleka kwa mkusanyaji pamoja na TV.

Zile nne, bonyeza *#06#, tuma tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 uone kama ni halisi. Bandia zilizimwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Juni 2016 na hazishiki mtandao, hizo ni za spea tu. Halisi: hamisha picha, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio *kabla* ya kuifuta simu. Ukifuta kwanza, ikiwaka itadai nenosiri lako na mnunuzi atarudi. Simu yenye laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole usiiache na laini hata kwa saa moja.

NyumbaSafi

Ahsanteni sana. Nimepanga hivi, mniambie penye kosa. Jumamosi asubuhi natandaza jamvi barazani na kuchambua vyote juu yake, kitu kikiguswa kinaamuliwa. Betri, simu iliyovimba na TV vinatoka kwanza. Jumapili fundi anakuja kwa friji na jenereta. Sufuria mbili na masinia 3 kikundi, sahani mnadani, vitabu mafungu matatu, nguo zianikwe kuanzia leo. Kasha linasubiri fomu namba 5. Mitungi mitupu nimuuzie mwenye guta?

Mzani

Mitungi hapana. Mtungi unaodhaniwa mtupu bado una mvuke wa gesi ndani, na ukikatwa kwa msumeno au moto unalipuka. Wenye guta wengine hawalijui hilo. Upime: kwenye shingo au kishikio pameandikwa uzito wa mtungi wenyewe. Toa uzito huo kwenye uzito unaousoma mzanini, kinachobaki ni gesi.

Baada ya hapo peleka wa kilo 15 kwa wakala wa gesi wa kampuni ileile. Uliza kama anaununua, au anaupokea ukiongeza fedha upate wa kilo 6 wenye gesi. Wa kilo 6 uliokuwa nao ubaki kama akiba. Angalia rabba nyeusi ndani ya mdomo wa valvu. Ikiwa imepasuka au haipo, usiujaze kabla wakala hajaibadilisha.

BiShughuli

Na ubaki umejazwa. Ule wa kilo 6 ndio wa kuchemshia chai ya wafiwa usiku wa kwanza, kabla mafiga hayajapangwa.